Uji Hauhesabiwi Chakula

Siku ya pili ya matanga, sebule ikiwa imejaa wanawake mpaka kizingitini, Bi Mwantumu alianza kusimulia habari za marehemu mjukuu wake. Tangu mazishi hakuwa amesema neno zaidi ya kuitikia pole za watu. Sasa mdomo ulifunguka, na wenzake wakanyamaza wamsikilize, maana mfiwa akitaka kusema huachwa aseme.

Aliwaambia jinsi Shani alivyokuwa na maneno makubwa kuliko umri wake, na jinsi alivyomwoza paka wao kwa paka wa jirani akadai mahari ya dagaa. Wanawake walicheka cheko la msibani, lile la kufunika mdomo kwa mtandio. Kisha akawaeleza habari ya njaa. Tangu mtoto awekewe punje ya dawa mkononi, alikuwa akiamka usiku na kuja kumvuta khanga, bibi nina njaa, bibi tumbo linaniuma.

"Lakini sikumpa chakula," Bi Mwantumu alisema. "Daktari mwenyewe ni huyu mwanangu, alinikataza. Asile usiku mpaka kuche. Basi sikumpa hata kipande cha kiporo. Nilikuwa nampa uji tu, wa uwele, na asali kidogo. Anakunywa, analala. Kila usiku. Angalau mjukuu wangu hakulala na njaa."

Mmoja akamwambia Mungu atamlipa kwa malezi yale. Wengine wakaitikia amina. Siwema, huyo mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Hakuliangusha, watu huangusha vitu kwenye maigizo. Aliliweka chini taratibu, akatoka uani, akapita nyuma ya tangi linalokusanya umande wa paa, akakaa juu ya tofali.

Shani alikuwa binti yake wa pekee. Baba wa mtoto alikwenda kwenye machimbo ya Msumbiji akalowea huko, na Siwema, ambaye kazi yake ilikuwa Dodoma katika kitengo cha usalama wa dawa, alimwacha mtoto Kondoa kwa mama yake. Punje ile alimwekea kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo alipousikia ule uji, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Punje ilikuwa ndogo kama ya mchele, nayo ilikaa chini ya ngozi ya mkono. Mtoto akipitiwa na usingizi, ilitoa peptidi, kijipande cha protini ambacho kazi yake ni kuigutusha tezi iliyo chini ya ubongo, nayo ikatoa homoni ya ukuaji. Watu waliipenda kwa sababu hiyo. Haikuwa homoni ya kununuliwa na kudungwa, ni mwili wenyewe ulioamshwa ufanye kazi yake. Wazee waliokwisha misuli walisimama tena na kwenda msalani bila kushikwa. Majeraha ya moto yalifunga mapema. Na wale watoto waliozaliwa Miaka ya Vumbi, mvua zilipogoma mwaka baada ya mwaka na miili yao ikazoea kutokua, walianza kurefuka. Shani alikuwa na miaka kumi na mmoja na kimo cha mtoto wa chekechea. Miezi ya kwanza ya punje, gauni lake la Idi lilimpanda juu ya magoti, naye akakataa lisishushwe upindo ili kila mtu aone.

Ubaya wake ni kwamba peptidi hiyo huleta njaa, maana imefanana na ile ambayo tumbo hutoa likiwa tupu. Na tezi haiitikii vizuri mtu akiwa ameshiba, sukari ikipanda katika damu inalegea kabisa. Ndiyo maana kula usiku kulikatazwa. Punje ilipima jibu la tezi kila usiku, na ikiona jibu dogo iliongeza dozi kesho yake, kisha ikaongeza tena. Haikuwa na namna ya kuuliza kwa nini. Nayo peptidi haiendi kwenye tezi peke yake. Moyo una vipokeo vyake, na moyo wa Shani ulikuwa umesukumwa kila usiku na dawa iliyozidi, mpaka ulipovimba na kuchoka. Alianguka uwanjani, akiruka kamba.

Kila asubuhi Siwema alipiga simu. Aliuliza kama mtoto amekula usiku, na mama yake alimjibu hajala. Hapakuwa na uongo hapo. Katika nyumba ile, na katika nyumba zote za Irangi, pale Kondoa, alizozijua, uji hunywewa, hauhesabiwi chakula. Mtu anamaliza bakuli mbili na bado atakwambia tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, na wote mtamhurumia. Siwema mwenyewe alikulia katika hesabu hiyo. Alikwenda mjini kusoma akaisahau, kisha akarudi na masharti yake ya kitaalamu asikumbuke kuuliza jambo moja dogo namna ile.

*

Alimpigia Lutengano, daktari mwenzake wa kitengo, akiwa palepale nyuma ya tangi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu punje ya kwanza, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuzunguka. Lutengano alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba inaingiana, ndiyo maana dozi ya Shani ilipanda hivyo na hakuna aliyeelewa.

Siwema alisema dozi ya juu kabisa iko juu mno, ishushwe kwa watoto wote. Lutengano alimkumbusha kanuni ya Baraza lililo juu ya kitengo chao, kana kwamba angeweza kuisahau. Hakuna dozi inayoguswa mpaka aliyeishi na mtoto aseme kwa mdomo wake yaliyotokea nyumbani. Siwema ndiye aliyeipigania kanuni ile miaka iliyopita, wakati watengenezaji wa dawa walipokuwa na tabia ya kuwatupia lawama walezi bila kuwapa nafasi ya kujieleza. Alitaka walezi wasikilizwe. Hakuwaza kwamba siku moja mlezi atakuwa mama yake, na kwamba kusikilizwa kwenyewe ndiko kutakakommaliza.

"Yaani nimuulize mama," Siwema alisema. "Nimkalishe mbele ya watu nimuulize alimpa nini mtoto."

"Au usimuulize," Lutengano alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomuumiza Siwema. "Tuandike moyo mbovu wa kuzaliwa nao. Watoto wa Vumbi wengi wanayo mioyo mibovu, hakuna atakayehoji. Na ni bibi wangapi wanaoamka usiku kukoroga uji, Siwema? Pengine ni huyo wako tu."

Siwema alimwambia atafikiri, lakini alipokata simu alikuwa ameshaamua nusu. Alitaka sana iwe kweli kwamba ni mama yake tu. Alikuwa amempoteza mtoto, na hakuona ni sheria gani ya Mungu au ya serikali inayomlazimisha ampoteze na mama katika juma hilohilo.

Jioni, wageni walipopungua, Bi Mwantumu alimwita akae naye kwenye mkeka. Alimuuliza moja kwa moja, kama alivyokuwa akiuliza mambo yote. "Nini kimemuua mwanetu? Wewe unajua mambo haya. Niambie."

Siwema alimtazama. Katika Miaka ya Vumbi mwanamke huyu aliwazika watoto wake wawili wa kiume, kaka zake Siwema. Usiku walikuwa wakilia njaa, naye akiwapa maji ya moto na kuwaambia uji unakuja. Uji haukuja. Tangu hapo aliapa kwamba katika nyumba yake mtoto hatalia njaa, na mtaa mzima walikijua kiapo hicho, hata mbuzi wa jirani walikuwa wakikifaidi.

"Moyo, mama," alisema. "Alizaliwa nao hivyo. Hakuna ambaye angeweza kufanya kitu."

Bi Mwantumu alishusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Akasema alhamdulillahi. Akasema kwa siku mbili alikuwa akijiuliza kama kuna mahali alipokosea, labda alimwacha aruke kamba sana juani. Usiku ule alilala usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siwema alimsikia akikoroma upande wa pili wa ukuta, na kwa aibu yake akafurahi. Lilikuwa tendo jema, alijiambia, na aliendelea kujiambia hivyo mpaka asubuhi.

*

Asubuhi alikuja Bi Zamda, jirani yao, na sufuria ya wali kichwani na mjukuu wake nyuma. Jikoni kwa mfiwa hakuwashwi moto mpaka dua ya siku ya tatu, kwa hiyo chakula kilikuwa kikitoka kwa majirani kwa zamu. Mjukuu aliitwa Idrisa. Alikuwa mtoto wa Vumbi kama Shani, na katika mkono wake wa kushoto, chini ya ngozi, uvimbe mdogo wa punje ulionekana wazi.

Bi Zamda alilia kidogo, wakashikana mikono na Bi Mwantumu, wakaulizana hali. Halafu, kwa nia njema kabisa ya kumpa mwenzake faraja, akamvuta Idrisa mbele.

"Nimekuletea umwone, dada. Ule uji wako ndio huu. Tangu uniambie, kila usiku nampa. Zamani alikuwa analia mpaka kuku wanaamka. Sasa tazama alivyojaa."

Idrisa alikuwa amejaa kweli. Vidole vyake vilikuwa vimetuna, na uzi mweusi aliofungwa kifundoni tangu utotoni ulikuwa umezama kwenye nyama. Alikuwa ametoka nyumba ya nne tu, na bado alihema kwa mdomo. Bi Mwantumu alimpapasa shavu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukawa na uhai, na akaanza kumshauri mwenzake aongeze asali ya nyuki wadogo, ile haimsumbui mtoto tumboni.

Siwema aliona kwamba akinyamaza sasa hivi, kwa dakika tano tu, mama yake atakuwa amemwongezea yule mtoto asali kwa mdomo wake. Yale mambo ya jana, kwamba pengine ni mmoja tu, yalikwisha hapohapo. Alimshika mama yake kiwiko, akamwambia waingie chumbani mara moja. Bi Mwantumu akasema kuna wageni. Siwema hakumwachia.

Chumbani alifunga mlango, akamkalisha kitandani, naye akapiga magoti sakafuni. Alikuwa amewahi kuwaeleza wakubwa wa Baraza vifo vya watoto wasio wake, kwa sauti isiyotetereka, akasifiwa kwa hilo. Sasa alianza kama mtoto aliyekamatwa na kosa.

"Mama, jana nilikudanganya. Shani hakuzaliwa na moyo mbovu."

Akamweleza. Hakutumia maneno ya kazini. Alisema uji uliifanya punje idhani mwili umeikataa dawa, ikawa inaongeza, na dawa ilipozidi ikauchosha moyo. Alisema kosa ni la waliotengeneza kitu kisichojua kuuliza, na ni lake yeye, ambaye alijua desturi ya nyumba hii na hakuitaja. Aliyasema haya kwa haraka, akiyarundika yote juu ya lile neno la kwanza, uji, ili lisionekane. Bi Mwantumu alimwacha amalize.

"Uliniuliza kama amekula," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakwambia hajala."

"Ndiyo, mama. Na hukusema uongo."

Nje Bi Zamda alikuwa akimkanya Idrisa asiguse vikombe. Bi Mwantumu aliisikiliza sauti ile. Hakulia. Siwema angeomba alie, maana uso ule mkavu ulimtisha.

"Nimewazika wawili kwa kukosa cha kuwapa," Bi Mwantumu alisema. "Huyu nimemzika kwa kumpa."

Siwema alianza kusema usiseme hivyo mama, akanyamazishwa kwa kiganja. Bi Mwantumu alitaka kujua habari ya Idrisa. Siwema alimwambia dozi ya mtoto yule bila shaka imepanda, ila moyo wake huenda bado haujaharibika. Anaweza kuirudisha chini leo hii, kwa kifaa kilichomo mkobani, endapo bibi yake atatamka mwenyewe kwamba humpa uji. Na lazima uji ukome, la sivyo itapanda tena. Kuhusu watoto wa nchi nzima, Baraza litakaa na kuamua, lakini litataka kusikia kwa aliyeishi na Shani.

"Nitasema," Bi Mwantumu alijibu. "Hao wa Baraza watanisikia. Lakini Zamda si peke yake. Niliwafundisha wengi. Kwenye foleni ya maji, kwenye maulidi. Nilijisifu, Siwema. Nilisema mjukuu wangu ana punje na halii."

Alisimama, akajifunga khanga ya pili kiunoni.

*

Bi Zamda alikuwa wa kwanza kuambiwa. Alisikiliza akiwa amemkumbatia Idrisa, na mwanzoni alikataa. Alisema mbona huyu anapendeza. Bi Mwantumu alimjibu kwamba na wake alikuwa akipendeza. Baada ya hapo Bi Zamda alikisogelea kile kifaa cha Siwema na kutamka kwamba humpa mtoto uji usiku, sauti ikimkatika, kama mtu anayekiri wizi mbele ya mjumbe. Siwema alikipitisha juu ya mkono wa mtoto. Mapigo ya moyo yalikuwa mabaya, lakini yalikuwa ya kurekebishika. Dozi ikarudi ya mwanzo. Alimwambia Bi Zamda ampeleke hospitali ya wilaya leo hii, naye akaondoka bila kuaga, akiiacha sufuria.

Bi Mwantumu alipofuata mlango, wanawake wa sebuleni walimzuia. Mfiwa hatoki. Watu ndio humjia, na dua ilikuwa mchana ule. Mkubwa wao alimwambia atume watu, huyu binti yake msomi si yupo. Siwema naye alimsihi abaki, akamwambia ataenda yeye, ataeleza kila nyumba.

"Wewe wakikuona watasema ni mambo ya Dodoma," Bi Mwantumu alisema. "Mimi ndiye niliyewafundisha. Watanisikia mimi."

Wakatoka. Katika nyumba ya kwanza alieleza kwa kirefu, tangu Miaka ya Vumbi, na mwenye nyumba alilia naye. Katika nyumba ya pili mwanamume fundi baiskeli alikasirika, akasema mnatuwekea vitu watoto halafu mnakuja kutuhukumu kwa uji, na Siwema alijua ana haki. Bi Mwantumu alisubiri hasira zake ziishe, akarudia maneno yake, na yule bwana akamleta mtoto. Kila nyumba maelezo yalizidi kuwa mafupi. Watu walikuwa wakianza kumpa pole, wakimshangaa mfiwa mlangoni, naye akiikata pole hiyo katikati. Walipofika juu ya mtaa, kwa Bi Sikudhani, yalikuwa yamebaki haya tu.

"Nilimpa Shani uji usiku, ndio uliomuua. Usimpe wako."

Bi Sikudhani alikuwa mzee kumpita, na alilea mapacha wawili wa Vumbi peke yake. Hakubisha. Alitamka alichotakiwa kutamka, wasichana wakanyoosha mikono, Siwema akashusha dozi zao mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wazima, na wakacheka kwa sababu kifaa kiliwatekenya. Siwema alilazimika kutazama pembeni. Ndipo mzee yule akauliza, akimuuliza Bi Mwantumu, si daktari.

"Na wakiamka na njaa? Maana wataamka. Nifanye nini?"

Bi Mwantumu aligeuka kumtazama binti yake. Siwema alikuwa na majibu mengi juu ya punje, lakini kwa hilo hakuwa na jibu, na hakuna aliyewahi kulitafuta kule Dodoma. Akatikisa kichwa. Mama yake, mwanamke aliyeapa kwamba mtoto hatalia njaa mbele yake, akamgeukia tena Bi Sikudhani.

"Waache walie," alisema. "Wapakate, ulie nao. Kukicha wape."

Bi Sikudhani aliitikia kwamba amesikia. Bi Mwantumu akamwomba maji ya kunywa, akanywa amesimama, kisha akauliza njia ya kwenda kwa wale aliowafundisha wa mlimani.